Kwilti ya mfifio wa rangi

Kwilti ya mfifio wa rangi ni blanketi la viraka linaloshonwa kwa kuunganisha vipande virefu vya kitambaa vilivyopangwa hatua kwa hatua, kuanzia rangi iliyokoza hadi rangi iliyopauka. Kama kwilti nyingine, ina tabaka tatu: uso wa viraka juu, kijazo cha kutunza joto katikati, na bitana chini. Tabaka hizo hushikwa pamoja kwa mishono inayopita zote tatu.

Tofauti yake na blanketi la viraka la kawaida ni mpangilio. Viraka vikiunganishwa bila utaratibu, kila kimoja huvuta jicho upande wake. Vikipangwa kwa uzito wa rangi, yaani jinsi rangi ilivyokoza au kufifia, mabaki mia moja yasiyofanana huonekana kuwa nguo moja. Kwa sababu hiyo mtindo huu unafaa sana kwa mabaki ya fundi cherehani, ambayo ni madogo na yana chapa za kila namna. Kazi inadai mambo mawili ambayo hayana mbadala: kupanga vizuri kabla ya kushona, na kushona kila mshono kwa upana ule ule.

Historia

Kuunganisha vipande ili kupata nguo kubwa ni desturi ya zamani katika Afrika ya Mashariki. Asili ya kanga yenyewe husimuliwa hivyo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua leso zilizochapwa ambazo ziliuzwa zikiwa bado hazijatenganishwa. Walikata leso sita, wakazigawa tatu tatu, kisha wakaunganisha safu hizo mbili kwa mshono kuwa nguo moja. Hadi leo kanga huitwa leso mjini Mombasa, na neno hilo limetoka katika Kireno.

Bara, vitambaa vilifika kwa misafara. Njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, ambako watemi walitoza wasafiri hongo, na sehemu kubwa ya hongo hiyo ililipwa kwa nguo. Nguo mbili zilijulikana zaidi. Ya kwanza ni merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, chenye rangi ya maziwa, ambacho kilitoka viwanda vya Massachusetts na kupitia Zanzibar. Biashara hiyo ilikua baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, ikadorora wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865). Ya pili ni kaniki, kitambaa cha pamba kilichotiwa nili hadi kikawa buluu inayokaribia nyeusi. Kaniki nyingi ilitoka India. Kwa mshonaji wa kwilti, merikani na kaniki ni ncha mbili za ngazi ya rangi; kazi yake ni kujaza vidato vilivyo katikati.

Baada ya uhuru, viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwatex cha Mwanza vilitoa kanga, vitenge na mashuka nchini. Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mitumba ilijaa masokoni. Leo vyanzo vyote viwili, yaani vitambaa vipya na mitumba, huacha mabaki mengi.

Mbinu ya kuunga kanda ndefu nayo si ngeni. Mkeka wa pwani hutengenezwa kwa kusuka ukili, yaani ukanda mrefu wa miyaa, kisha kuushona ubavu kwa ubavu hadi upana utoshe. Mshonaji wa mkeka anajua kwamba ukili usio na upana mmoja hutoa mkeka usiolala sawa. Kanuni hiyohiyo inatawala kwilti.

Mifano kutoka nchi nyingine

Wasiddi wa jimbo la Karnataka, India, ni wazawa wa Waafrika waliovuka Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa wametoka Afrika ya Mashariki. Wanawake wao hushona kwilti ziitwazo kavandi kwa nguo kuukuu. Huanza pembezoni na kuelekea katikati, wakiweka viraka moja kwa moja juu ya bitana, ambayo mara nyingi ni sari ya zamani, na kushona kwa mkono. Pembeni huongeza viraka vidogo vilivyokunjwa viitwavyo phula, maana yake maua. Kwa njia hiyo kosa dogo la kipimo halijumlishwi, kwa sababu kiraka kinachofuata hufunika pengo.

Huko Marekani, wanawake wa kabila la Waseminole wa Florida walianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuunga kanda ndefu kwa cherehani, kuzikata kwa kukingama, na kuziunga upya kuwa michoro. Katika Gee's Bend, kijiji cha Waamerika Weusi katika jimbo la Alabama, kwilti zilishonwa kwa nguo za kazi, hasa jinzi zilizopauka kwa jua na kufuliwa. Mwaka 2002 kwilti hizo zilianza kuonyeshwa katika makumbusho makubwa ya nchi hiyo. Sehemu ya suruali iliyofunikwa na mfuko hubaki buluu nzito na goti huwa karibu jeupe, hivyo suruali moja inaweza kutoa hatua kadhaa za mfifio.

Vitambaa vinavyofaa

Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai joto la usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za selisiasi, na shuka peke yake halitoshi. Katika maeneo kama Kikuyu, ambako kipo Chuo Kikuu cha St John's, mafundi cherehani hushona sare, magauni ya vitenge na mashati. Mabaki yao kwa kawaida huishia kwenye taka, au hutumika kufutia mashine na kuwashia moto. Mabaki hayo, pamoja na mashati na jinzi za mitumba, yanatosha kwa kwilti nzima.

Pamba tupu ndiyo bora. Hukaa vizuri chini ya pasi, haitelezi kwenye cherehani, na huruhusu jasho kupita. Ili kuitambua, chomoa nyuzi chache na uziwashe mbali na kitambaa chenyewe: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Kitambaa cha mchanganyiko kinaweza kutumika, lakini kisichanganywe na jinzi nzito, kwa kuwa kitambaa kizito hukivuta kile chepesi na kukichana kwenye mshono.

Vitambaa vyote vifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa sababu mbili. Pamba mpya hurudi ikifuliwa, na kila aina hurudi kwa kiasi chake. Kwilti iliyoshonwa bila kutangulia kufua hukunjamana mara ya kwanza inapoguswa na maji. Sababu ya pili ni kuchuja rangi. Katika kwilti ya mfifio, kitambaa kinachochuja ni hatari kuliko katika nguo nyingine yoyote, kwani nyeusi na nyeupe zinakaa katika nguo moja. Kaniki, jinzi mpya na vitenge vyekundu vinahitaji kupimwa: weka kipande cha kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake, pitisha pasi ya moto, kisha tazama kama cheupe kimepata doa. Kikipata, fua tena na upime tena. Kitambaa ambacho bado kinachuja baada ya kufuliwa mara tatu au nne kiachwe. Wengi huamini kuwa chumvi au siki hufunga rangi, lakini kwa pamba iliyotiwa rangi kiwandani haviaminiki. Dawa ya hakika ni kufua rangi iliyozidi hadi iishe.

Kupanga mfifio

Kosa la kawaida la anayeanza ni kupanga kwa jina la rangi: bluu zote pamoja, kijani zote pamoja. Jicho la mtazamaji aliye mbali halianzi na jina la rangi. Linaanza na uzito wake. Njano nzito ya haradali inaweza kukaa sawa na buluu ya wastani, na buluu nyepesi ya anga ikakaa karibu na rangi ya maziwa.

Njia ya kupanga ni hii. Tandika mabaki yote sakafuni, au yaning'inize kwenye kamba mchana, mahali penye kivuli. Simama mbali kiasi cha mita mbili au tatu na ufumbe macho nusu, ili chapa ndogondogo zipotee na uzito ubaki. Gawanya mabaki katika mafungu matano: nzito sana, nzito, ya wastani, nyepesi, na nyepesi sana. Kisha panga ndani ya kila fungu. Simu yenye kamera husaidia: picha isiyo na rangi, yaani ya nyeusi na nyeupe tu, huonyesha mara moja kipande kilichokaa mahali pasipo pake.

Kitenge chenye chapa kubwa ya nyeupe juu ya nyeusi husumbua, kwa kuwa kina uzito mbili. Chapa ikiwa kubwa kuliko upana wa ukanda, ukanda mmoja huweza kutoka mweusi hapa na mweupe pale. Vitambaa vya namna hiyo vikatwe vipande vifupi na kila kipande kiwekwe kwenye fungu lake.

Hatua ikikosekana kati ya fungu na fungu, kuna njia tatu za kuijaza bila kununua kitambaa:

Kugeuza kitambaa. Kanga na vitenge vilivyochapwa upande mmoja huwa na mgongo uliofifia zaidi kuliko uso. Kitambaa kimoja kinatoa hatua mbili.

Kupishanisha. Mahali ambapo fungu moja linaishia na lingine linaanzia, pishanisha kanda: nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Kwa mbali jicho huzichanganya na kuona hatua ya katikati.

Kutia rangi. Mafundi wa batiki hujua kwamba kitambaa kinachokaa muda mrefu zaidi katika rangi hutoka kizito zaidi. Vipande vitano vya merikani au shuka jeupe vikitolewa kwa muda unaozidi mara mbili kila hatua, kwa mfano dakika 1, 2, 4, 8 na 16, huweza kutoa ngazi nzuri. Njia ya kinyume, yaani kupausha kwa jiki, si nzuri kwa kwilti, kwa sababu dawa hiyo hulainisha nyuzi za pamba na kuzikata baada ya muda.

Vipimo

Mfano ufuatao ni wa kwilti ya sentimita 140 kwa 210, ambayo inatosha mtu mmoja katika kitanda cha futi nne kwa sita. Ukubwa huo umechaguliwa kwa sababu ya bitana. Kanga moja ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa 110 hivi. Doti moja, yaani kanga mbili, zikiunganishwa kwa pande zake ndefu hutoa kama sentimita 150 kwa 218, ambayo inazidi uso wa kwilti kidogo kila upande.

Kila ukanda ukatwe upana wa sentimita 9 na urefu wa sentimita 142. Mshono hula sentimita 1 kila upande, hivyo ukanda ukishashonwa hubaki sentimita 7. Kanda 30 zinatoa sentimita 210. Eneo la kitambaa kinachohitajika ni 30 × 9 × 142, yaani sentimita za mraba 38,340, karibu mita za mraba 3.8. Ukiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya maungo ya vipande vifupi, jumla ni kama mita za mraba 4.2.

Inavutia kudhani kuwa kanda nyembamba zaidi zitatoa mfifio laini zaidi. Ni kweli, lakini gharama yake ni kubwa. Ukanda uliokatwa sentimita 5 hubaki sentimita 3 tu baada ya kushonwa. Zitahitajika kanda 70 badala ya 30, na sehemu mbili za tano za kitambaa zitafichwa ndani ya mishono. Kwa ukanda wa sentimita 9, kinachofichwa ni kama sehemu mbili za tisa.

Mabaki ya fundi mara chache hufika urefu wa sentimita 142. Vipande vifupi huungwa kichwa kwa kichwa hadi urefu utimie, mradi viwe vya uzito mmoja. Maungo hayo yasikae kwenye mstari mmoja kutoka ukanda hadi ukanda. Yapishane kama matofali ya ukuta.

Kukata na kushona

Kata kwa kufuata uzi ulionyooka wa kitambaa. Ukanda uliokatwa kwa mshazari hunyumbuka na kutoa mawimbi. Nchi nyingi siku hizi hutumia kisu cha gurudumu, ambacho kampuni ya Olfa ya Japani ilikitoa mwaka 1979, lakini mkasi mkali, chaki na ubao ulionyooka wa upana wa sentimita 9 hutoa kazi ileile.

Cherehani ya miguu inatosha. Sindano namba 14 inafaa vitenge na mashati, na namba 16 inafaa jinzi. Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, sentimita 1 kutoka kwenye sindano, na uache ukingo wa kitambaa utembee juu ya alama hiyo. Umuhimu wake unaonekana kwa hesabu: mshono ukizidi milimita 1 tu, kila ukanda wa pande zake mbili hupoteza milimita 1. Kwa mishono 29 upotevu ni milimita 58, karibu sentimita 6. Kosa likiwa upande mmoja tu wa kanda, kwilti hutoka imepanuka huku na kufinyika kule.

Kanda zisishonwe zote kuanzia upande uleule. Cherehani huvuta kitambaa cha chini kidogo kuliko cha juu, na mvuto huo ukijirudia mara 29 uso wote hujipinda kama upinde. Ukanda wa kwanza uanzie kushoto, wa pili kulia, na kuendelea hivyo. Ni vyema pia kuunga kanda mbili mbili, kisha nne nne, badala ya kuburuta uso mzima kwenye meza kila mara. Baada ya kila mshono piga pasi, na ulaze pindo za ndani upande wa kitambaa kilichokoza ili zisionekane kupitia kile chepesi.

Kuunganisha tabaka

Joto la kwilti halitoki kwenye kitambaa chenyewe, bali kwenye hewa iliyonaswa katikati. Kijazo rahisi ni blanketi kuukuu lililofuliwa. Matundu yake yazibwe kwanza. Pamba hufaa pia. Sufi ni laini na nyepesi, lakini hukusanyika pembeni isipofungwa kwa mishono ya karibu.

Tandaza bitana sakafuni, upande mzuri ukitazama chini, na uibane pembe kwa mawe au utepe wa kunata. Weka kijazo, kisha uso wa viraka. Piga bandi kwa uzi mrefu kuanzia katikati kuelekea pembeni, ili mikunjo isukumwe nje. Halafu shona mstari juu ya kila muungano wa kanda. Kwa kuwa kanda zina upana wa sentimita 7, mistari hiyo iko karibu kiasi cha kutosha kuzuia kijazo kisihame. Anayeshona kwa mkono hutumia mshono wa kupenya wa kawaida. Anayetumia cherehani apunguze mbano wa mguu ili tabaka ya juu isisukumwe.

Mwisho, punguza kingo na ufunge pindo. Mzunguko wa kwilti hii ni sentimita 700. Utepe wa sentimita 720, uliokatwa upana wa sentimita 6, unatosha pamoja na pembe nne. Utepe wa rangi nzito huchelewa kuonyesha uchafu upande wa shingoni.

Matunzo

Mara ya kwanza kwilti ifuliwe kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, bila kulowekwa. Isikamuliwe kwa kupindwa, kwani mishono ya bandani hukatika. Ikandamizwe ndani ya beseni. Ianikwe kivulini, bitana ikiwa juu. Jua la uwanda wa kati ni kali, na likiipiga kwilti upande wa viraka kila wiki, kanda zilizokoza hupauka kabla ya nyingine na mfifio huvurugika. Kanda ikichanika hubadilishwa kwa kufumua mishono yake miwili tu, mradi mshonaji amehifadhi mabaki ya uzito uleule, yaliyofuliwa pamoja na mengine.

Tazama pia

Kanga
Kitenge
Kaniki
Batiki
Mitumba
Mkeka
Wasiddi
Dodoma